Kompyuta ya Pili, Inayokula Kama Taa Moja ya Breki

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa inazima kila Jumapili saa kumi na nusu alasiri, na binti yangu akiwa katikati ya neno. Nianze hapo, maana nikianza mahali pengine nitapotea. Mimi ni mtu wa kupotea nikisimulia, na siku hizi hakuna mtu nyumbani wa kunirudisha njiani.

Binti ni mmoja, sina mwingine. Alienda Norwe kusoma, akabaki huko akifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, anawaosha na kuwalisha. Norwe mimi niliisikia kabla yake. Watu wa huko ndio walikuja zamani kusaidia kutia lami barabara ya Kitale hadi Lodwar, na mimi nilikuwa dereva wa lori barabara hiyo hiyo. Walikuwa watu wapole, wekundu kwa jua kama matofali, wanakula samaki wa mkebe na ziwa zima la samaki liko pale Kalokol. Hiyo ni hadithi nyingine.

Mama yake alifariki, na mwaka ule wa elfu mbili kumi na mbili ulipoanza nikafunga duka. Lilikuwa duka la kuchapa barua na kutoa kopi, Lodwar mjini. Mke wangu ndiye alikuwa anachapa, vidole vyote kumi, anaangalia mteja usoni anamuuliza habari za watoto huku vidole vinaenda vyenyewe. Mimi niliishia darasa la tatu. Kazi yangu dukani ilikuwa kuwasha jenereta na kunyamaza. Mashine ya kopi niliuza. Kompyuta sikuuza, niliivusha mto kwa mkokoteni nikaiweka nyumbani, kwa sababu ndani ya ile kompyuta ndimo binti alikuwa anatokea. Jumapili saa kumi, akishatoka kazini, anapiga, uso wake unakuja kwenye kioo umekatika katika vipande, halafu unajiunga, halafu anasema, "Baba, unaniona?"

Mtu atauliza kwa nini asipige simu ya kawaida. Kutoka huko simu ilikuwa inamla pesa sana, na kwa kompyuta ilikuwa karibu bure. Tena mimi nilitaka kumwona. Nilitaka kuona kama anakula.

Sasa shida. Nyumbani kwangu ng'ambo ya mto nyaya za stima zilikuwa hazijafika. Nilikuwa na sola moja juu ya paa, betri kongwe ya lori, na inveta ya kugeuza moto wa betri uwe moto wa stima. Kompyuta yenyewe ilikuwa ile kubwa ya sanduku, na kioo chake cha zamani chenye kisogo kirefu. Ninachaji wiki nzima kwa ajili ya saa moja, na saa yenyewe haifiki. Dakika thelathini, inveta inalia pii, pii, pii, kama kifaranga kimepotea, na kioo kinakuwa cheusi. Nabaki nikiona uso wangu mwenyewe humo.

Jumapili moja alisema, "Baba, mimi nachoka. Napiga, unazima, napiga tena, umezima. Wacha tuwe tunaandikiana tu. Nitakuandikia, ukipata stima utasoma."

Nilisema sawa. Nilisema sawa, lakini mwili ulipoa, na ilikuwa jua la Lodwar. Najua watu wanavyopotea ndani ya barua. Kaka yangu alikuwa Mombasa, aliniandikia kila mwezi, halafu kila Krismasi, halafu kadi isiyo na maneno ila jina lake, halafu basi. Na mimi kuandika kwenyewe ni kazi ya kulima. Sentensi moja kama hii unayosoma mimi naiandika nusu saa. Niliona wazi kwamba nikikubali barua, nimempoteza. Nikamwambia anipe muda kidogo, nitafute kompyuta nyingine.

"Nyingine ya nini na hiyo unayo?"

"Ya pili. Ya kila siku. Ndogo, isiyokula."

Akacheka. "Haya, baba."

Nikaenda Kakuma. Huku kwetu ukitaka kitu kipya unaenda Kenya, ndivyo tunavyosema, tunaenda Kenya, kama vile hapa si Kenya. Lakini ukitaka kitu kilichokufa kifufuliwe, unaenda Kakuma. Ofisi za mashirika zikibadilisha vyombo, vya zamani vinauzwa, vinaingia sokoni kwenye kambi ya wakimbizi, na huko kuna mafundi kutoka kila nchi iliyowahi kupigana. Nilipewa lifti na dereva niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, amebeba mahindi. Njia nzima alinionyesha makosa yangu ya zamani kana kwamba ni yeye alinifundisha. Nilikuwa nimekaa upande wa utingo, na mtu wa upande ule hana neno.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mama Mkongomani, wa miaka arobaini na kitu, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba sikio moja. Meza yake ilikuwa imejaa matumbo ya redio na simu. Hakuinua kichwa.

"Karibu Papa. Unatafuta nini?"

"Natafuta kompyuta isiyokula moto."

"Isiyokula haiko. Iko ya kukula kidogo. Ile yako ya nyumbani iko ya namna gani?"

Nikamweleza sanduku, kioo cha kisogo, inveta. Hapo akainua kichwa.

"Aa, Papa! Ile si mashine, ile ni ng'ombe. Tena iyo inveta iko inakula ku njia mbele chakula kifike. Unakuwa na betri ya gari, unageuza kurant iwe ya nyumba, kisha kompyuta nayo inageuza tena iwe kidogo. Kila mara unageuza, unamwanga ingine chini."

"Inakula ngapi?"

"Wati mia mbili. Pengine na kupita."

Mimi wati za darasani sizijui, lakini balbu nazijua. Taa kubwa ya mbele ya gari ni wati hamsini na tano. Taa ya breki ishirini na moja. Ya pembeni tano. Nikapiga hesabu kwa taa. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nimewasha taa kubwa nne, injini imezima, halafu nashangaa betri inakufa! Utingo wangu angefanya hivyo ningemteremsha porini.

Nikamwambia yule mama, "Nataka ya taa moja ya breki."

Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alielewa. Fundi wa kweli ukimwambia kwa lugha ya kazi yako, anaelewa.

Akachomoa chini ya meza kompyuta ndogo ya kukunja, ukubwa wa Biblia ya padri, kioo kimevunjika, herufi nyingine zimeng'oka kama meno. Akasema hii inataka volti kumi na mbili, sawasawa na gari, haina haja ya inveta, waya unatoka betri moja kwa moja na fyuzi katikati. Kioo kilichovunjika alikitupa, akabakiza ile kamera yake ndogo. Mahali pake akaweka skrini ndogo ya kuonyeshea video, imetolewa ndani ya basi, nayo ya volti kumi na mbili. Ile diski inayozunguka ndani akaing'oa, akaweka kadi ndogo kama ukucha. "Kitu kinachozunguka ni kitu kinachokula," akasema, "tena vumbi ya huku inakiua." Feni nayo akatoa. Mahali pa feni akafunga kipande cha aluminiamu alichokikata kwa sufuria iliyotoboka, kipana, kinyonye joto kitoe nje. Programu akaweka ya bure, nyepesi, ya rangi ya kijivu, haina maua.

Siku mbili nilikaa kwenye benchi lake nikishika tochi na kupokea bisibisi. Nilikuwa sijakaa na mtu siku mbili mfululizo tangu mazishi. Hatukuongea mengi. Mara aliniuliza ninataka kuongea na nani kwa kompyuta hiyo, nikamwambia. Akasema yeye ana mama yake Bukavu, amesikia sauti yake mara moja katika miaka minne. Halafu akapuliza vumbi kwenye waya na kazi ikaendelea.

Wakati wa kuondoka aliniambia, na nasema ukweli kwamba aliniambia, "Papa, iache wazi. Ipate upepo. Usiifungie."

Nilimsikia. Nikarudi Lodwar nikaifungia.

Nieleze kwa nini, msinione mjinga bure. Upepo wa Lodwar unabeba mchanga, na mbuzi wa jirani wanaingia kwangu kama kwao. Nikaona heri sanduku la mbao. Nikaweka mashine ndani, skrini tu ndiyo nje. Halafu sanduku likawa jiko. Ukishika ile aluminiamu unaachilia haraka. Hapo ndipo ujuzi wangu wa barabarani uliponidanganya. Madereva wa zamani wa njia hii tulikuwa tunaning'iniza mbele ya lori mfuko wa turubai umejaa maji. Turubai inalowa, upepo unaipiga, na ukifika Lokichar unakunywa maji baridi kuliko ya friji, nje jua linaua watu. Mimi nimekunywa maji hayo miaka ishirini na tano. Nikasema, kinachopoza maji kitapoza kompyuta. Nikachukua gunia, nikalilowesha, nikalivika lile sanduku.

Ikapoa! Ndiyo ubaya wa kosa hili, lilifanya kazi. Nilikuwa naweka mkono ndani na kusikia ubaridi kama wa kisima. Asubuhi nalowesha, saa sita nalowesha, alasiri nalowesha. Jirani yangu, mama mzee wa Kiturkana anayeuza makaa na kuchajisha simu yake kwangu, alisimama mlangoni akanitazama.

"Ejok, Papaa."

"Ejok noi," nikaitikia salamu.

"Hiyo kitu yako inakunywa maji kushinda mimi. Mimi natembea mpaka mto, yeye anakaa tu, analetewa."

"Inasikia joto, mama."

"Na mimi nasikia nini?" Akaenda zake akiongea Kiturkana, na mbuzi wake wawili wakacheka, au mimi niliona hivyo.

Jumapili tatu tuliongea saa nzima. Binti alisema, "Baba, leo hujazima!" Nikajivuna kama nimejenga gari moshi. Nilimwonyesha gunia, sikumwambia maneno ya jirani.

Jumapili ya nne simu ilianza kulia, skrini ikawaka, nikaona paji la uso wake tu, na yote ikazima. Hakuna pii pii. Betri ilikuwa imejaa. Nikafungua sanduku. Kila mahali waya unapoingia kulikuwa na unga mweupe, kama mtu amemwaga chumvi. Na ilikuwa chumvi kweli. Maji yetu ya bomba la kisima ni ya chumvi, sufuria zetu zote zina ukoko mweupe, meno ya watu wengi huku yamebadilika rangi. Kila nilipolowesha, maji yalikwenda na upepo, chumvi ikabaki, ikatambaa na nyuzi za gunia mpaka kwenye shaba. Maji ya mfuko wa lori yalikuwa ya mto, pale Katilu, matamu. Hilo sikulifikiria.

Nikamtumia binti ujumbe kwa simu ya mkononi, nikauandika jioni nzima: MASHINE IMEKULA CHUMVI NGOJA. Hakujibu siku tatu. Halafu: Sawa baba. Tuandikiane basi.

Nilirudi Kakuma kwa basi, mashine imefungwa kwenye shuka ya kitanda chetu. Yule mama fundi aliifunua, akanusa.

"Papa. Uliipa maji?"

"Kidogo."

"Iko mbuzi? Uliona mdomo wake wapi?" Akawaita mafundi wa meza za jirani waje waone. Msomali mmoja mwenye duka la simu alikuja akaangalia, akaniangalia mimi, akasema "Subhanallah" polepole, akaondoka. Wacha wacheke, nilisema moyoni, mradi itengenezwe. Yule mama alisugua na mswaki na spiriti, akakata waya zilizooza, akauma midomo. Nilikuwa nasali. Mimi kanisani nakaa nyuma na nasinzia, lakini siku hiyo nilisali kwelikweli. Nilijua kwamba isipowaka sina safari ya tatu.

Iliwaka alasiri. Safari hii fundi hakunipa ushauri, alinipa amri. Akaipigilia yote kwenye ubao mmoja, kila kitu wazi, aluminiamu imesimama wima, akasema, "Utaitundika ku ukuta sawa kalenda. Joto linapenda kupanda, liache lipande." Niliitundika nje ya chumba, kwenye kibanda changu cha majani ya mkoma, ambapo kivuli kina upepo hata mwezi wa pili. Vumbi nalifagia na manyoya ya kuku. Haijawahi kuwa moto tena wa kuchoma mkono. Jua likichomoza naiwasha, jua likizama naizima, na betri inabaki na nguvu ya kuwasha balbu na kuchaji simu ya jirani. Taa moja ya breki, basi.

Ningependa kuishia hapa, nionekane mtu aliyeshinda.

Mwaka wa elfu mbili kumi na tatu ukaingia na mambo ya uchaguzi, na binti na mimi tukawa na saa nzima kila Jumapili, hata saa mbili tukitaka. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba hatukuwa na maneno ya saa nzima. Zile dakika thelathini za zamani tulikuwa tunakimbia, kila mtu anasema haraka kabla ya kile kifaranga kulia, na tukikatwa kila mmoja anabaki na neno la wiki ijayo. Kumbe ile betri ndiyo ilikuwa inasema kwaheri kwa niaba yetu. Sasa tunafika dakika ya ishirini, anaangalia pembeni. Nami naangalia pembeni. "Haya baba." "Haya mama." Namwita mama, ana jina la mama yangu. Na hakuna anayejua namna ya kufunga.

Ikawa nusu saa. Ikawa robo. Jumapili moja hakupiga. Nilikaa mbele ya ukuta tangu saa tisa, nimevaa shati la kanisani. Ile programu inaonyesha kitone cha kijani kando ya jina la mtu akiwa hewani, na kitone chake kilikuwa kijani. Yuko. Yuko hapo hapo, na hapigi. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo.

Zamani nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Nikilala nilimlaumu betri, nikaamka nikamlaumu inveta. Sasa mashine yangu haizimi, siku nzima inawaka, na kitone kinawaka, na hakuna kitu cha kulaumu isipokuwa sisi wawili. Sijawahi kuona upweke wenye mwanga namna ile.

Nilikuwa sijampigia hata mara moja. Kwetu baba hampigii mtoto, mtoto ndiye anampigia baba. Baba akipiga ujue kuna jambo. Niliamini hivyo na sikuwahi kujiuliza nani aliniambia. Jumanne moja saa nne asubuhi nikabonyeza lile jina.

Alipokea mara moja. Uso ulikuja wote, haukukatika.

"Baba! Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Baba, niambie tu. Ni nani?"

"Hakuna. Wote wazima. Mimi mzima."

"Sasa mbona umepiga?"

"Nimepiga tu," nikasema.

Nikaona anaweka mkono kifuani, moyo unarudi mahali pake. "Umenitisha. Leo niko mapumziko, nilikuwa napika." Halafu akasema, "Nilidhani wewe ndiye umechoka na mimi. Unaangalia pembeni."

"Wewe ndiye unaangalia pembeni."

"Mimi naangalia unapoangalia."

Hatukucheka. Lakini alisema, "Subiri, vitunguu vinaungua," akaondoka mbele ya kamera, na mimi nikabaki naangalia ukuta wa jikoni yake. Hakurudi kukaa. Aliendelea na kazi zake, nikasikia kisu kwenye ubao, nikasikia bomba limefunguliwa na maji yanatoka, yanatoka, muda wote huo, hakuna mtu anayelifunga. Nikavuta viatu vyangu vya tairi nikaanza kushona ukanda uliokatika. Nilizima picha nibakize sauti, bando ya intaneti isiishe.

Baadaye akasema, mbali, "Baba, natoka kidogo dukani. Sifungi. Nikirudi utasikia mlango."

Mlango ukafungwa. Nikakaa nikisikiliza nyumba isiyo na mtu, ya nchi nisiyoijua. Kuna friji huko, inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Kuna gari lilipita kwenye maji. Mama wa makaa alikuja kuchukua simu yake, akasikiliza na yeye, akauliza, "Nani anaongea?" Nikamwambia hakuna. Akaketi chini, akatoa tumbaku.

Mlango ulipofunguka nilikuwa nimemaliza kiatu kimoja. Nilisikia mifuko ya plastiki, nikasikia akivua viatu, akiimba kidogo wimbo usio na maneno, kama mtu aliyesahau.

Halafu akaacha kuimba. "Baba? Bado uko?"

"Niko."